Siri Aliyompa Somo Yake

Hafidha binti Ashrafu aliisaini ile karatasi bila kusita, kwa sababu kwao kutunza siri halikuwa jambo la kufundishwa kazini. Alikuwa na miaka ishirini na minne, amemaliza chuo, na kazi aliletewa na Najim, mtoto wa mjomba wake, aliyekuwa msimamizi huko: ofisi ya ghorofani Bagamoyo mjini, vijana tisa mbele ya kompyuta, akiwemo Mina, binti wa Bi Dija, somo yake aliyemfunda. Waliletewa na kampuni ya ng'ambo picha zilizopigwa kutoka angani. Karatasi ilisema asimweleze mtu yeyote anachokiona.

“Ni picha za barabara tu,” Najim alimwambia. “Wanataka kupunguza foleni kwenye miji yao huko.”

Basi akachora. Gari, mstari wa njano. Mtu mmoja, wa buluu. Wanaume zaidi ya kumi wanaotembea pamoja, mwekundu. Mama yake, Bi Mwaija, alipouliza ni kazi gani, alijibiwa, “Ya ofisini, mama,” akaridhika. Yeye ni mjane wa mwalimu. Neno ofisi lilimtosha.

Mwezi wa tano wa kazi, siku ya Alhamisi, zikaja picha kumi na mbili za mfululizo. Wanaume wapatao arobaini katika njia ya vumbi, nyumba zimebomoka huku na huku. Hafidha alikwisha kuanza kuzungusha mwekundu, mkono ukasita. Katika kila picha waliokuwa mbele wamesogea kando na wengine wameingia mahali pao, na katikati yao kuna kitu kirefu kilichofunikwa nguo, hakigusi chini. Mgeni angedhani ni fujo. Yeye alisimama dirishani siku baba yake alipotolewa nyumbani, akaona kila mwanamume akitaka abebe japo hatua nne, apate thawabu, ampishe mwenzake.

Lilikuwa jeneza. Na kwa miezi mitano, mangapi alikuwa ameyazungushia mwekundu?

Akamwendea Najim. “Hawa wanazika.”

“Wangapi?”

“Nakwambia wanazika, Najim!”

“Na mimi nakuuliza wangapi. Wakizidi kumi, mwekundu. Au siku hizi umekuwa kadhi?” Wenzake wakacheka. Najim akashusha sauti. “Fidha, vita si yetu. Iko mbali huko. Sisi tunachora tu.”

Hafidha hakuwa ametaja vita.

Jioni ile alikwenda Kaole kwa Bi Dija, somo yake. Dija ndiye aliyemfunda alipovunja ungo, siku saba ndani, na wakapeana yamini kwamba atakachoambiwa na mwali wake hakitatoka, hata kwa mama mzazi. Alimkuta anasuka ukili.

“Shikamoo, somo.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona uso umeuvaa wa mtu mwingine?”

Akamweleza yote. “Nataka kumwandikia mwandishi mmoja wa gazeti, Dar. Lakini nimetoa neno langu kwa saini. Na wale wafiwa nao wana sitara yao. Nikizitoa picha, nami nitakuwa nimewachungulia. Nikinyamaza, kesho nachora tena.”

Dija alisuka kidogo. “Usifanye lolote. Niachie mimi.”

Hafidha akarudi nyumbani mwepesi, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Jumamosi asubuhi Najim alimsimamisha mbele ya wote. “Mwenzenu anataka kutuandika gazetini. Eti tunawachungulia wafiwa!”

Neno hilo Hafidha alikuwa amelitamka mahali pamoja tu, kwa Bi Dija. Akamtazama Mina. Mina alikuwa anaangalia kucha zake.

“Chora au toka,” Najim akasema. “Na ukumbuke ulichosaini.”

“Natoka. Na lile ni jeneza, Mina. Wakikupa wewe, ujue unachora nini.”

Baada ya adhuhuri Bi Dija akaja mwenyewe nyumbani kwa kina Hafidha, akaketi sebuleni na Bi Mwaija.

“Mwanangu, nilikuwa nakuokoa. Ungefungwa. Na ofisi ikifungwa, Mina wangu atakula wapi?”

“Kumbe ni Mina.”

“Ni nyinyi nyote!”

“Ungeniambia, somo, siri hii siiwezi. Ningeondoka nayo.”

“Hafidha!” mama yake akamkemea. “Somo yako hajibiwi hivyo.”

“Simjibu, mama, namuuliza. Somo, unayo mengine yangu, ya tangu nilipokuwa mwali. Nani mwingine anayajua?”

Bi Dija akafungua kinywa. Macho yake yakaenda kwa Bi Mwaija kwanza, na Bi Mwaija akainamisha kichwa, akaanza kunyoosha pindo la kanga lisilokuwa na mkunjo. Hafidha hakuhitaji jibu lingine. Miaka kumi mama yake alikuwa akiambiwa kila kitu, na miaka kumi alijifanya hajui.

“Nilikuwa nakulinda,” Bi Mwaija akasema taratibu. “Jina la msichana ni kitu chepesi kuchafuka.”

Hafidha akaingia chumbani na simu. Hakutia picha hata moja. Aliandika tu alichokiona, alichoagizwa kufanya, na mara ngapi alifanya bila kuuliza. Mama yake akasimama mlangoni.

“Mwanangu, unaandika nini?”

“Barua ya gazeti.”

Bi Mwaija akaurudisha mlango nyuma yake. “Basi jina la marehemu baba yako usilitie.”

Alikwisha kulitia, chini ya barua: Hafidha binti Ashrafu.