Shavu la Kushoto la Klementina

Klementina alikuja Matongo kutoka Shinyanga akimfuata mumewe, Nkwabi, na Nkwabi alikuwa anaifuata dhahabu. Kati ya hao watatu, dhahabu peke yake ndiyo haikuwa na haraka. Kila jioni mume alirudi kutoka shimoni na wimbo uleule: "Mama, leo tena mawe matupu." Klementina aliuza maandazi, akanunua unga, kisha akalala kwa ubavu wa kushoto, akimpa mume mgongo na kutazama ukuta. Jirani yao nilikuwa mimi, Maua, muuza kanga.

Ndipo vipele vikamtoka. Vyekundu, vimejaa shavu la kushoto tu. La kulia laini kama la mtoto. Matongo nzima ikageuka madaktari. Mmoja alisema ni mafuta ya kujichubua yanayouzwa mpakani Sirari, ingawa hajawahi kuyapaka. Mwingine alisema ni vumbi la mawe yanayosagwa. Vumbi lenye adabu kweli, linachagua shavu! Zahanati walimpa dawa ya minyoo.

Mwishowe akapelekwa kwa mganga, kijiji cha Mbalibali. Alikaa huko wiki nzima, vipele vikanyauka, mganga akapokea mbuzi wake na kutoa siri: analogwa na jirani wa upande linakotokea jua. Upande huo kuna nyumba moja, yangu. Klementina aliporudi nyumbani, vipele navyo vikarudi. Watu wakataka ushahidi gani tena?

Sifichi, niliogopa. Mwanamke akishaitwa mchawi hapewi muda wa kufunga virago. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Waitara, akatuita wote.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Maua, watu wanataka uhame kabla ya gulio."

"Sawa, mzee. Ila mchawi gani anayeloga nusu uso? Na kama ni mimi, huyu mama alale kwangu, nimmalize kwa karibu. Nikishindwa, mkakague kitanda chake."

Mzee alicheka mpaka akakohoa, akakubali. Klementina akaja kulala kwangu, kichwa juu ya mto wangu wa pamba. Siku ya gulio shavu lilikuwa linakauka. Tukaenda kwake na mzee, na Nkwabi akasimama mlangoni akisema chumba ni kichafu. Tangu lini amejali usafi, mtu anayelala na matope ya shimoni miguuni?

Niliuchana mto wa Klementina kwa kisu. Pamba ilikuwa kidogo. Vilivyojaa ni vitambaa vya kukamulia zebaki, ile dawa inayokamata unga wa dhahabu na kuunguza ngozi, bado vibichi, na kila kimoja kimefungiwa donge la dhahabu iliyoshikana na zebaki. Nkwabi hakuthubutu kuyachoma madonge hayo ili zebaki itoke, wenzake wa shimoni wasije wakaona moshi na kudai mgawo. Na mwizi gani atapekua chini ya kichwa cha mke wa mtu?

Madonge yalimwagika sakafuni. Nkwabi akapiga magoti kuyaokota.

"Dada Maua, nisamehe," Klementina alisema, machozi yakimtoka. Nikamwambia yamekwisha, ingawa moyoni yalikuwa hayajaisha. Kisha akamgeukia mumewe, mkono shavuni.

"Baba, kumbe kichwa changu ndicho kilikuwa kufuli lako?"

Donge moja lilikuwa limebingirika chini ya kitanda, naye Nkwabi alikuwa bado analitafuta.