Kibuyu Nilichokiosha kwa Sabuni

Wakili wangu alikuwa na ofisi ghorofani, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo, pale Eldoret mjini. Alinieleza gharama za talaka polepole, bila kunitisha: hii ni ya korti, hii ni yangu mimi, halafu kuna mambo ya nyumba na vitu vya ndani. Nilikuwa natingisha kichwa tu. Mwishowe nikamuuliza, "Na mama mkwe?"

"Mama mkwe amefanya nini?"

"Hajafanya kitu. Nauliza yeye tunamgawana aje."

Akacheka, halafu akaona mimi sicheki. "Mama, huyo hayuko kwa sheria," akasema.

Mimi na mume wangu hatukurushiana sahani. Tulichoshana tu, tukafika mahali hata salamu ya asubuhi ilikuwa kazi. Mtoto hatukujaliwa, kwa hivyo sikuwa na sababu yoyote ya kukanyaga boma la kwao tena. Hapo ndipo roho ilipokuwa ikiniuma. Mume ningemwacha. Mama yake, jamani, ningemwacha vipi?

Mama yangu mzazi alifariki nikiwa bado shuleni. Nilipoletwa kule Plateau, kijijini kwao mume wangu, kama bibi harusi, Mluhya asiyejua hata kusalimia kwa Kikalenjin, majirani walinitazama kama mgeni aliyekosea njia. Yule mama akanimiminia mursik, yale maziwa lala ya kibuyuni yenye rangi ya majivu. Nusura niteme. Alicheka hadi akapangusa macho kwa leso, kisha akaniongezea. Tangu siku hiyo, kila mwisho wa mwezi nilimpelekea kibuyu kitupu pamoja na sukari na majani ya chai, naye akanipa kingine kimejaa. Kukisafisha ilikuwa kazi yake. Hakuniruhusu nimsaidie.

Basi nilipotoka kwa wakili, nikafika nyumbani, mtaa wa West Indies pale pale mjini, nikakiona kile kibuyu kando ya jiko. Mimi nina kiburi, sikatai. Nikasema sitangoja nitumiwe mtu kuja kudai kitu cha wenyewe. Nikachemsha maji, nikatia sabuni ya unga, nikakisugua ndani na nje huku nikilia na kumtukana wakili wa watu, ambaye hakuwa na kosa. Nikakianika kwenye veranda hadi kikang'aa.

Siku iliyofuata nilimkuta mama akianika mahindi. Sikubeba sukari wala majani. Nilidhani mtu anayeaga habebi zawadi. Alikipokea kile kibuyu, akafungua kifuniko, akanusa kama kawaida yake. Akanusa tena.

"Umeosha na nini?"

"Na sabuni, Mama. Nilitaka kirudi kikiwa safi."

"Sabuni? Woi! Wewe msichana, umeua kibuyu yangu!"

Kumbe kibuyu cha mursik hakioshwi kwa sabuni hata siku moja. Kinasuguliwa kwa kijinga cha moto cha mti maalum, na ile harufu ya moshi hujijenga humo mwaka baada ya mwaka. Mimi nilikuwa nimeimwaga yote kwenye sinki ya West Indies. Nikaanza kulia kama mtoto.

"Nisamehe, Mama. Nimekirudisha kwa sababu tunaachana."

"Najua mnaachana. Aliniambia." Akaweka mikono kiunoni. "Yeye ndiye anaachana na wewe. Mimi nani aliniuliza?"

Aliingia jikoni, akatoka na kijinga kinachofuka moshi, akakisukuma ndani ya kibuyu, kisha akaniwekea kigoda.

"Kaa hapo ushike. Kosa ni yangu, nilikuwa nakudekeza."

Tulisugua mchana kutwa, mkono wake juu ya wangu, masizi yakitupanda hadi kwenye viwiko. Jioni akanusa, akakunja uso. Bado kilinuka sabuni. Akasema ataendelea kukitia moshi mwenyewe, na kwamba siku hiyo siondoki nacho. Nilirudi mjini mikono mitupu na kucha nyeusi, sikuzisafisha.

Talaka ilipotoka, niliteremka ngazi za korti na karatasi yangu mkononi. Aliyekuwa mume wangu alinipa mkono, akanitakia mema, akaenda zake. Nilisimama pale kando ya barabara nikijihisi mwepesi vibaya, mtu asiye na kwao. Simu ikalia. Alikuwa mama, na kama kawaida hakusalimia.

"Kibuyu iko tayari, na maziwa imeiva," akasema. "Na usikuje mikono mitupu kama ile siku. Mimi sina sukari."

Nilivuka barabara, nikaingia dukani.