Nguruwe wa Kwaresma

Harufu ya tope la mto likichanganyika na pumba iliyochacha, hata leo nikiisikia nageuza njia. Ndiyo harufu aliyotoka nayo yule nguruwe jike siku alipopanda kutoka kwenye maji peke yake. Alipanda ukingoni polepole, weupe wake wote umegeuka udongo, tumbo linakaribia kugusa chini, masikio yamemlalia machoni. Akajikung'uta kama mtu anayetoka kuoga, akaenda kunusa debe letu la makombo lililokuwa limepinduka. Sisi tuliosimama juu hatukuwa tunamtazama yeye. Tulikuwa tunatazama nyuma yake, tunamngoja kaka yangu Otmar, aliyerudi chini kumfungulia mlango. Jua lilikuwa linawaka, na tone la mvua halikuwa limeanguka Buguruni siku ile. Maji yakapita na matawi, yakapita na mapipa na mabati ya watu, yakaendelea kupita. Jike akala makombo yote akayamaliza, na Otmar hakutokea.

Mimi naitwa Gaudensia. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo anayetafuta maneno matamu hapa atanisamehe. Wakati huo nilikuwa na miaka tisa na Otmar alikuwa ameshaanza kuvunja sauti. Sisi ni watu wa Mbinga. Baba alikuja Dar kubeba mizigo kwenye maghala ya Gerezani, tukapanga chumba kimoja Buguruni, kitanda cha wazazi kimetengwa na pazia la kanga, mimi na Otmar chini kwenye mkeka. Mtu wa kwanza wa ukoo wetu kuufahamu mji alikuwa mjomba Kasian, mdogo wake mama, aliyekuwa anauza viazi shimoni, kule chini kabisa ya soko la Kariakoo. Mjomba alivaa saa, na viatu vyake vilikuwa vinang'aa hata msimu wa tope. Akija kwetu Jumapili baada ya misa alikalia kiti, na kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja, baba alikaa kitandani ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Mwaka ule bega la baba lilikuwa limeanza kufa. Alikuwa hawezi tena kuinua mkono wa kulia kupita sikio, mama ndiye aliyekuwa anamvalisha shati, na kule ghalani msimamizi alikwisha kumwambia kwamba asipobeba kama wenzake asije. Hapo ndipo habari ya nguruwe ilipoingia nyumbani. Kwetu Mbinga kufuga nguruwe si elimu, kila mtu amekulia humo. Mama aliwafuga tangu yuko msichana. Kilichowashinda kukubaliana si kama wafuge au wasifuge, ni waanze lini. Jambo dogo hilo, la mwezi gani, ndilo lililomaliza nyumba yetu.

Mama alisema waanze kipupwe, mvua zikishakatika. Alieleza taratibu, huku anachambua mchele: wakati huo ardhi ni kavu, banda halinuki, watoto wa nguruwe hawafi kwa kulala kwenye maji, na mahindi yamevunwa mikoani kwa hiyo mashine za kusaga zina pumba ya kumwaga. Tukikosa Krismasi tutauza Pasaka, alisema, hakuna anayetufukuza. Mjomba Kasian alicheka mpaka akavua kofia.

"Dada, huku siyo Mbinga," alisema. "Huku hakuna mavuno. Shamba letu sisi ni shimoni, na shimoni mavuno yake ni masika. Mvua ikinyesha malori yanakwama njiani, viazi vinaingia vimeshaoza, ndizi zimepigwa, tunazitupa kwa makarai. Na sasa ni Kwaresma. Wakristo wote wanajinyima nyama, wauza kitimoto wanapiga miayo, wenye nguruwe wanawatoa kama wanawakimbia. Nunua jike mwenye mimba sasa hivi. Atazaa Pasaka ikipita, watoto watakula makombo ya masika yote, Krismasi ikifika wana mafuta mpaka kwenye kope."

"Na hayo maji ya masika?" mama aliuliza.

"Maji ni ya bata, dada. Mimi naongea biashara."

Baba alikuwa amelishika bega lake. Akasema, "Shemeji ndiye anayeujua mji." Basi, ikaishia hapo. Mama aliendelea kuchambua mchele ule ule ambao ulikuwa umeshachambuliwa. Baba, Mungu akuweke pema, lakini na wewe nakutaja.

Ikabaki mahali pa kuweka banda. Kati ya nyumba za watu haikuwezekana, majirani zetu wangekuwa wanakosa hata pa kuanika nguo za kuswalia, na hilo hata mama alilikubali. Tukaenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Kilemba, kuomba ushauri. Alitupokea vizuri, akatuambia bondeni, kando ya mto Msimbazi, kuna pahala pake ambapo yeye hulima mchicha, tujenge hapo, tutakuwa huru na wanyama wetu na hakuna atakayetusemea. Tulipofika tukakuta matuta yake ya mchicha yamehamishiwa juu, karibu na njia, na yale ya chini yameachwa wazi. Baba akamshukuru kwa kutupisha. Hatukujiuliza mchicha ulihama kwa nini.

Nikisema ukweli, zile wiki za mwanzo ndizo wiki za furaha kuliko zote nilizopata utotoni, na hilo ndilo linaloniuma. Jike aliletwa kwenye mkokoteni, amefungwa miguu, anapiga kelele mtaa mzima ukatoka nje. Alikuwa mweupe, mzito, mwenye hatua za heshima na asiyependa makelele, kwa hiyo Otmar akampa jina la Mama Mkuu, kama yule mtawa wa misheni kwao mama. Mama alimpiga kofi kwa jina hilo, halafu akageuka ukutani kuficha kicheko. Watoto wa mtaani walituchokoza kwa lile jina la mjini la nguruwe: "Gaude, leo mkuu wa meza amekula nini?" Otmar aliwajibu, "Amekula wali, nyie mlikula nini?" wakacheka wote, tukacheza. Kila mchana tulikwenda Kariakoo kuchukua makombo. Nakumbuka ngazi za kushuka shimoni zilivyoteleza kwa maji ya mboga, joto la chini kule, harufu ya vitunguu na magunia mabichi, wapagazi wanapita wanapiga mluzi watu wapishe. Mjomba alitujazia debe viazi vilivyolegea na maganda ya ndizi, na kweli, kadiri masika yalivyokolea ndivyo debe lilivyojaa. Alisema kweli pale. Otmar alibeba debe kichwani toka Kariakoo hadi Buguruni, mimi nabeba ndoo ndogo, na maji ya viazi vilivyooza yananichuruzika hadi viwikoni. Nilikuwa najiona mtu mwenye mali.

Wezi wa mifugo walikuwepo, ndiyo maana mjomba aliufunga mlango wa banda kwa waya mnene, ameupinda kwa koleo mara nyingi. Kumlisha jike hatukufungua mlango, tulimwagia juu ya ukuta. Waya ule ulihitaji mtu atulie kuukunjua.

Siku yenyewe ilikuwa karibu na Jumapili ya Matawi. Usiku uliotangulia mvua ilinyesha huko milimani Pugu, sisi tukaona mawingu tu. Tulikuwa bandani mimi na Otmar, ukingoni tumeacha debe moja la akiba, nikasikia miguu yangu imelowa. Maji yaliingia kupitia kwenye matete, kimya, yamebeba majani makavu. Otmar alinishika kiuno akanipandisha mabegani, akapanda nami juu, vidole vyake vimeubana mguu wangu mpaka alama zilikaa. Alinitua kwenye njia pembeni ya mchicha wa Mzee Kilemba. Alikuwa ameshatoka, naomba mlielewe hilo. Kaka yangu alikuwa ameshatoka, yuko pakavu, mzima, anahema.

Wakati huo huo mjomba Kasian akafika na mkokoteni wa pumba. Alitutazama, akatazama bonde. Hakuuliza kama tumeumia.

"Jike yuko wapi?"

"Yumo bandani, Mjomba. Waya haujafunguliwa."

"Mmemwacha na mimba yote ile? Rudi ukamfungulie. Rudi! Maji yenyewe bado yako magotini."

Otmar alinitazama mimi, akamtazama mjomba. Mjomba wa mtu kwetu hajibiwi. Akashuka. Nilimwona amefika mlangoni, nikamwona ameinama kwenye waya, maji yako mapajani, halafu kiunoni, na mikono yake bado inakunjua. Mlango ulifunguka. Jike akatoka, kumbe nguruwe anaogelea, na sisi hatukulijua hilo, labda hata angevunja ukuta mwenyewe. Halafu ukuta wa banda ukalala. Hayo mengine nilishayaandika juu.

Msibani mjomba alikaa kwenye kile kiti. Kila aliyeingia kutoa pole alisimuliwa vilevile: "Mtoto alikuwa anapenda wanyama kupita kiasi. Nilimkataza, akanishinda mbio." Watu wakatikisa vichwa, wakasema ndiyo, alikuwa mtoto mwenye huruma. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka mbele ya miguu yake, na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyeinama akaniuliza, na wewe Gaude uliona nini? Mtoto msibani anapewa chai na anaambiwa anyamaze. Mzee Kilemba naye akaja na kanzu yake safi, akakaa, akasema kwa upole kwamba ni kazi ya Mungu, na kwamba yale maji kila masika lazima yapite pale.

Mama akainua kichwa. "Balozi, ulikuwa unajua?"

Mzee Kilemba alitengeneza kofia yake. Akasema, "Mama Otmar, kila mwenye macho anaujua mto."

Pole ya kweli tuliipata kwa jirani yetu Mama Hamisi, mwanamke wa swala tano, aliyekuwa hata mkokoteni wa pumba anaupisha mbali. Siku ile alinivua nguo zilizojaa tope la nguruwe, akanisugua kwa mikono yake mwenyewe toka kichwa hadi vidole, huku analia. Hakusema habari ya najisi.

Na sasa sikilizeni lililo baya zaidi. Hesabu ya mjomba ilitoka sawasawa. Jike alizaa Pasaka ilipopita, watoto wengi, wazima. Walikula makombo ya masika, wakahamishiwa uwanjani kwa mtu Magomeni, na Krismasi ikawakuta wamenona vile vile alivyosema. Wateja walipanga foleni. Mjomba akaanzia pale duka lake la kitimoto, na baba hakurudi tena kubeba mizigo. Mimi nikashonewa gauni la njano lenye mkanda. Krismasi ile tulikula nyama, ya mtoto wa jike yule, imekaangwa kwa limao na pilipili, na mimi nilikula. Niliomba nyongeza. Mama hakugusa sahani yake, akanisogezea, nikala na ya kwake. Nimeshazaa, nimeshazika wazazi wote wawili, na ladha ile bado iko mdomoni: ilikuwa tamu. Otmar alinibeba mabegani akanitoa majini ili nije nivae gauni la njano na kuomba nyongeza.

Leo ukienda pale bondeni nyumba nyingi zimewekwa alama ya X na kubomolewa, watu wameambiwa ni mahali hatari. Sisi hatukuwekewa X yoyote, tulioneshwa kwa mkono na balozi. Mzee Kilemba amekufa na heshima zake, na jibu lake analitoa huko aliko. Kariakoo hata makombo siku hizi yana mwenyewe, humpati mtu wa kukujazia debe bure. Na utotoni kwangu mjomba hakujibiwa, lakini vijana wa leo wanajibu, na ninawasifu kwa hilo.

Nina mtoto wa kiume. Anaitwa Otmar. Juzi amerudi nyumbani amechangamka, ameamua kufuga nguruwe, ameshapata na eneo la bei rahisi kando ya mto. Nikamuuliza utaanza lini. Akanijibu, "Kwaresma, Mama. Babu Kasian kaniambia ndiyo siri yake iliyomtoa." Mjomba ni mzee sasa, anatembelea fimbo, vijana wanamzunguka pale dukani kwake Magomeni wanamwita mtaalamu, na yeye anawasimulia ule msimu wake wa kwanza. Anawasimulia jike, anawasimulia bei ya Kwaresma, anawasimulia Krismasi. Mwanangu alikuwa hajui kwamba jina lake limo kwenye hadithi hiyo. Nimemwambia jana yote, na ameniuliza swali moja tu: kama babu anakubali kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Mjomba Kasian, shikamoo. Jumapili hii baada ya misa ninakuja dukani kwako na Otmar. Safari hii sitakaa kwenye mkeka, utanipa kiti. Atakuuliza tena habari ya msimu. Kabla hujamtajia mwezi wowote, mtazame usoni, umjibu mbele ya wateja wako: siku ile, mtoto akiwa ameshatoka majini, ni nani aliyesema rudi?