Jioni Korongo Walipocheza

Walisema sitaweza. Darasa la tano zima lilisema, na mama yangu mzazi akaongeza kuwa debe tupu haliachi kuvuma: mimi, niliyebandikwa jina la Redio, nisingeweza kufunga mdomo hata kwa muda wa kuchemsha maji. Leo nina stashahada ukutani na nyumba ya matofali ya kuchoma hapa Sumbawanga, vyote kwa jasho langu. Lakini korongo wakipita juu ya bati langu, wakilia kama tarumbeta iliyopasuka, nawakumbuka kwanza wale walionibeza.

Tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa kutoka upande wa Msanzi, na wenyeji walituona wageni wavivu. Shamba la ulezi lilikuwa la wote, ila kila nyumba ilikuwa na kipande chake cha kuamia, yaani kukilinda kwa kufukuza ndege. Chetu kilipakana na bonde lenye majimaji. Balozi wa nyumba kumi alimwambia mama waziwazi kwamba kwelea, wale ndege wadogo wala nafaka, wakikila, atajibu mbele ya mkutano wa kijiji. Mama aliuogopa mkutano kuliko njaa.

Jioni moja ya kiangazi, ulezi umekomaa na upepo unauma masikio, Mwalimu Atupele, mwenyeji wa Mbeya, alituchukua wanafunzi wanane tukawatazame korongo wenye taji wakicheza bondeni. Zamu ya kukaa dunguni kuamia ilikuwa yangu. Nikajidanganya kwamba ndege wadogo wameshakwenda kulala.

“Mwalimu, na Redio anakuja?” akauliza Kasiano. “Basi tumfunge kitambaa mdomoni!”

“Nitanyamaza kuliko wewe,” nikajibu, na nikaendelea kulisema hilo njia nzima mpaka bondeni.

“Ndiyo kunyamaza kwenyewe huku?” akanong'ona dada yangu Skola. Alinizidi miaka miwili, ingawa tulisoma darasa moja, na maneno aliyatumia kama chumvi ya kuazima.

Tulilala kifudifudi nyuma ya vile vichuguu vya udongo na nyasi ambavyo Wafipa huviinua kwa jembe ili nyasi zioze ziwe mbolea. Vilinukia mvua ya zamani. Korongo wanne wakatua. Mmoja aliinama kama anayeamkia wakwe, akaruka, akatandaza mabawa, wenzake wakamwitikia. Sikuwa nimewahi kuona viumbe wakifurahi bila sababu.

Ndipo wingu la kwelea likashuka, ng'ambo ya bonde, juu ya kipande chetu.

Ukelele wa kuamia ulinijaa kooni. Mtoto wa Ufipa humtoka wenyewe, kama chafya. Nikaona macho ya Kasiano hayako kwa korongo, yako kwangu, yakingoja nishindwe. Nikauma kola ya shati. Kule ulezi wa kijiji ulikuwa unaliwa, na mama yangu pamoja nao, nami nikanyamaza.

Baada ya muda kwelea waliinuka ghafla wakaelekea kwenye matete. Nikaamini Mungu ananipenda. Korongo walicheza mpaka jua likagusa milima, na Mwalimu akanishika bega mbele ya wote: “Leo Redio imezimika. Hongera.” Nilirudi nyumbani nikipita katikati ya njia kama mkuu wa mkoa.

Skola aliingia baadaye, sketi imelowa mpaka kiunoni, miguu imechanwa na matete. Mama akamgombeza kwa uzururaji. Akatoka nje kukamua sketi. Kipande chetu kilivunwa salama, na mkutano haukumwita mama.

Miaka mingi baadaye, nilipokuja nyumbani na stashahada yangu, nilisimulia habari hiyo kwenye sherehe, kama ushindi wangu wa kwanza. Watu walicheka na kupiga makofi. Skola alikuwa jikoni akisonga ugali; nikamfuata anisifu na yeye.

“Kwelea waliondoka wenyewe?” akauliza bila kugeuka.

Nikaikumbuka ile sketi iliyolowa; hapo nikaelewa, na mengine akayamalizia yeye kwa maneno machache. Alikuwa amevuka majimaji kwa kuinama, akakimbia kipande kizima akipunga sweta, mdomo umefungwa, ili korongo wasishtuke na mimi nisiaibike.

“Dada, mbona hukuniambia?”

“Ungetangaza.”

Nilizoea kusema nimejitengeneza mwenyewe. Jioni ile nilikosa pa kuanzia kulisema hilo.

“Kwa hiyo hukuwaona wakicheza?”

“Nilikuwa nimeinama.”

Nikavua koti la suti, nikaliweka juu ya gunia la mkaa. Nikainama mbele yake kama anayeamkia wakwe, nikatandaza mikono, nikaruka.