Mstari Mweupe Juu ya Demi-arbre

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa abakosti, ile suti isiyo na tai, ambayo mama aliipiga pasi mara mbili, na mfukoni nikapanga kalamu tatu, kwa kuwa niliamini garage ya mradi wa chanjo ya Bukavu ilikuwa inazisubiri kalamu zangu. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu Lubumbashi na shahada ya mekanika. Zilikuwa enzi za Zaire, kila mtu aliitwa citoyen, yaani raia. Shefu wa Garage, mtu mrefu mwenye kofia ya kaki ambayo hakuna aliyejua inafunika nini, hakunipa mkono. Alinipa kipande cha chuma, kizito, kimeng'oka kichwa.

"Citoyen Ingénieur, hii iko nini?"

"Iko demi-arbre, Shefu."

"Ilikuwa demi-arbre. Sasa iko maiti. Karibu kazini."

Kwa ninyi mnaoendesha magari bila kuyachungulia chini: ekseli ya nyuma ina bomba nene, na ndani yake mna fimbo mbili za chuma, moja kulia, moja kushoto. Fimbo hizo ndizo demi-arbre. Kila moja inachukua nguvu kutoka kwenye différentiel, yaani kile kibuyu cha meno katikati ya ekseli, na kuipeleka kwenye gurudumu. Injini ikinguruma namna gani, kama fimbo hiyo imekatika, gurudumu halina habari.

Jeep yetu ilikuwa imezikata kadhaa, na sababu ilikuwa agizo zuri. Médecin-chef, daktari mkuu wa mradi, alichoka kuona tumbo la gari likilala kwenye tope la njia ya Mwenga, akaamuru ifungwe magurudumu makubwa. Tumbo likainuka, kila mtu akapiga makofi. Ila mwenye kufungua nati kaidi huvisha bomba refu kwenye spana ili apate nguvu, na gurudumu kubwa ni hilo bomba refu, safari hii likiwa mikononi mwa tope. Tope lilishika, injini ikasukuma, fimbo ikakatika.

Safari iliyotangulia kuajiriwa kwangu ilikatikia njiani, jeep ikielekea kwenye kambi ya wachimba dhahabu ng'ambo ya Kamituga. Surua ilikuwa imeingia kule. Barafu ikayeyuka ndani ya sanduku, na muuguzi wetu, Maman Nabintu, akamwaga chanjo iliyoharibika kwenye majani kwa mkono wake. Habari zilizofika baadaye zilikuwa za makaburi mafupi. Alipozungumzia safari hiyo alitazama pembeni.

Kazi yangu ya kwanza basi ilikuwa kuchagua. Mezani palikuwa na jozi mbili za demi-arbre, zote zimechongwa na fundi wa tour, mashine ya kuchonga chuma, huko Kadutu. Jozi moja ilikuwa nene, ya chuma kilichochomwa na kuzimwa kwenye mafuta hadi kikawa kigumu kabisa. Nilipitisha tupa juu yake, tupa ikateleza kama juu ya kioo. Jozi ya pili ilikuwa nyembamba kidogo, na tupa iliuma, ikaacha mkwaruzo.

Garage nzima ilikuwa imeipenda ile nene. Dereva wetu, tonton Mugisho, aliipapasa kama shavu la ng'ombe. "Hii njo mwanaume," alisema. "Ile ingine iko ya kukoroga bugali."

Nikachagua ya kukoroga bugali. Nilieleza, nadhani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwamba chuma kigumu mno hukatika ghafla bila kuaga, na vipande vyake vikiingia kwenye meno ya différentiel, hakuna wa kuyatengeneza msituni. Chuma kivumilivu hujisokota kwanza. Kinatoa taarifa. Nilichora hata mchoro ukutani kwa chaki: nguvu inapanda, chuma kinaanza kujisokota, lakini mstari unazidi kupanda kabla ya kuanguka.

Shefu aliutazama mchoro akiwa amekunja mikono. "Umeshaonaka chuma yenye kujisokota?"

"Kwenye kitabu, Shefu."

"Muzuri." Akachukua brashi, akaichovya kwenye rangi nyeupe, akanipa. "Chora mustari moja, droit, ya kunyooka, toka kichwa mpaka mukia. Kama chuma yako iko na maneno ya kusema, itaandika hapa. Na unajua sheria ya hii garage: mwenye kuchagua njo mwenye kupanda jeep."

Sheria hiyo nilikuwa sijaisikia. Sura yangu ilibadilika kiasi cha kumchekesha hata mlinzi wa lango. Nilikuwa nimejiandaa kwa meza yenye droo.

Jozi yangu ikafungwa, tukaondoka watatu kuelekea kambi ileile: Mugisho kwenye usukani, Maman Nabintu nyuma na sanduku lake la barafu, na mimi katikati ya vitu, na abakosti yangu. Mpaka Walungu nilikuwa bado mtu wa shahada. Baada ya hapo barabara iliacha kuwa barabara. Miteremko ya Mwenga ilining'inia juu yetu, ukungu ukitoka ndani yake kama mvuke wa sufuria, na jeep ikawa inaogelea. Kila tulipokwama, Maman Nabintu aliweka sikio kwenye sanduku na kulitikisa taratibu. "Ingali inalia," alisema, maana vipande vya barafu viligongana. Sisi wawili tukapumua.

Tulipopita Kamituga, chini ya kilima cha mwisho, nikaomba tusimame. Kwenye ekseli ya aina ile unafungua boliti za kitovu cha gurudumu na kuichomoa fimbo bila hata kutoa gurudumu lenyewe. Mugisho akaivuta, akaifuta kwa kitambaa. Kisha akanipa.

Mstari wangu haukuwa umenyooka tena. Ulianzia kichwani, ukapinda polepole kuizunguka fimbo, laini kama uzi kwenye kibiringo, ukaishia karibu upande wa pili. Hakuna ufa. Kitu nilichokichora kwenye mitihani nikapewa alama, sasa kilikuwa mikononi mwangu, cha moto, kinanuka mafuta. Mlima ulikuwa umekishika chuma na kukisokota, nacho kilikuwa kimekubali.

Mugisho akaenda nyuma ya gari, akatoa kitu kilichoviringishwa kwenye gunia. Fimbo nene. "Nilibeba tu, ju ya kama kitabu yako inakufa. Tuweke hii, Ingénieur. Ile imechoka."

"Sanduku?" nikauliza.

Maman Nabintu akaweka sikio. Safari hii alisikiliza kwa muda mrefu. "Inalia kidogo," alisema. "Chagueni mbio, baba zangu. Mi siwezi kumwaga tena."

Niliitazama ile nene, safi, bila neno lolote usoni pake. Nikaitazama iliyosokotwa. Sikujua imebakiza nguvu kiasi gani. Mchoro wangu ulisema mstari hupanda kabla ya kuanguka, lakini haukusema mimi niko wapi kwenye mstari.

"Hii ingali inasema," nikamwambia Mugisho. "Ile nene, siku itasema, itakuwa imemaliza. Rudisha hii."

"Na utapanda?"

"Napanda."

Tulipanda kile kilima kwa gia ya chini kabisa, tope likirushwa juu ya vioo, nami nikisikiliza chini ya kiti changu kama Maman Nabintu alivyosikiliza sanduku. Kisha ardhi ikalala, tukaona moshi wa kambi, na bamama wamesimama na batoto mgongoni. Maman Nabintu akafungua sanduku. Vipande vilikuwa vimebaki vidogo kama punje za mahindi, lakini vilikuwepo.

Tuliporudi Bukavu Shefu alichomoa fimbo mwenyewe, akaipeleka mlangoni penye mwanga. Aliufuata ule mstari kwa macho mpaka mwisho. Akavua kofia. Chini yake palikuwa na upara tu, unaong'aa, na hakuna aliyecheka.

Baadaye nilihamishiwa Uvira, kisha Kindu, nikawahudumia wakurugenzi ambao vyeo vyao vilikuwa virefu kuliko barabara zao. Nimestaafu mapema kidogo, kwa sababu magoti yalitangulia. Waliponiuliza nataka zawadi gani, niliomba ile fimbo. Mtunza stoo akasema, "Papa, ile iko feraye tu, chuma ya kutupa," nikamwambia ndiyo, feraye ileile.

Inasimama karibu na mlango wangu huku Nguba, Bukavu. Asubuhi nyingine naweka kidole mwanzo wa rangi, mahali ambapo mkono wangu wa ujana ulichora bila kutetemeka, naufuata mstari unavyozunguka. Njia yote naijua. Hata hivyo, kila kidole kinapofika mwisho, nashangaa kwamba tulifika.