Binti yangu anasomea kupanga muji, na mimi nimemuficha karatasi ya parseli yetu

Admin, ficha jina langu, lakini umri usifiche: nina miaka sabini na moja na meno yangu yote bado yako. Ni muzee wa Majengo, hapa Goma. Shule niliishia mwaka wa tatu wa primeri, na hii barua naiandika mwenyewe kwa telefone, leo siku ya tatu. Musinicheke. Wengi wenu wenye diplome hamungeweza kufanya niliyoyafanya mimi.

Nilianza na samaki wa chumvi. Nilikuwa nawatoa Vitshumbi, kijiji cha wavuvi, nawauza hapa, hesabu yote kichwani, na hakuna mutu aliyenipunja hata dola moja. Parseli yangu, ni kusema kiwanja, niliinunua ikiwa majiwe matupu ya volkano. Niliyavunja kwa nyundo miaka miwili mpaka nyumba ya mbao ikasimama. Vita ngapi zimepita juu ya ile nyumba? Wakimbizi wangapi wamelala kwenye baraza langu? Majirani walikimbia, wakarudi, wakakimbia tena. Mimi sikutoka. Muke wangu alifia humo, na humo ndimo nilimulelea binti yetu wa pekee. Nitamuita Kavira, siyo jina lake.

Kavira anasoma urbanisme, ni kusema masomo ya kupanga muji: barabara ipite wapi, maji ya mvua yaende wapi. Amebakiza mwaka na nusu. Habari hiyo niliitangaza kila mahali, hata kanisani watu wakitoka misa. Rafiki yangu, chef wa avenyu yetu, mukubwa wa mutaa, ambaye nacheza naye dame ya kete kila muchana, alikuwa ananichokoza:

"Muzee, hii muji inapangwa na volkano. Wa pili ni masoda na bunduki zao. Binti yako atakuwa wa tatu kwenye liste."

"Wewe sukuma kete yako," nikamuambia. "Siku atakapopitisha barabara juu ya choo chako, utakuja kunipigia magoti."

Sasa musikie kosa langu. Vita ilipofunga njia ya Vitshumbi, samaki hawakufika tena, biashara yangu ikafa. Kavira akauliza feza za masomo zitatoka wapi. Nikamuambia, "Wewe soma. Papa yako hajawahi kukosa." Nikaenda kwa mukopeshaji moja, nikakopa dola elfu moja na mia mbili. Akatoa karatasi ya Kifaransa, akasema, "Papa, kama hamuoni vizuri, mulete mutoto wenu awasomee."

Mimi? Mutoto anisomee mbele ya watu? Niliishika ile karatasi, nikaitazama kwa muda kama mutu anayesoma, nikaitika kwa kichwa mara mbili, nikaweka sahihi.

Wiki iliyopita, asubui, mutu nisiyemujua aliingia kwenye parseli na metre mukononi, akaanza kupima. Nikamufuata na fimbo.

"Muzee, musinipige. Mwenye parseli ndiye alinituma."

"Mwenye parseli ni mimi!"

"Basi mukaulizane naye."

Nikachukua karatasi, mbio mpaka kwa chef wa avenyu. Akasoma yote na hakucheka. Hapo ndipo niliogopa.

"Muzee, hapa neno deni halipo," akasema. "Wameandika umemuuzia mukopeshaji parseli. Walikupa miezi sita ya kununua tena nyumba yako mwenyewe, na inabaki miwili."

Alienda kuniombea. Mukopeshaji akakubali kuongeza mwaka, lakini kama tu mutu mwenye mushahara ataweka sahihi pamoja na mimi. Nyumbani kwangu, wa kupata mushahara ni moja tu, Kavira.

Na kazi iko. Shirika moja linataka Kavira achore plan ya kambi ya waliokimbia vita: mistari ya mahema, vyoo, njia za maji. Dola mia mbili hamsini kwa mwezi, lakini ni kazi ya siku nzima, masomo yasimame. Yeye mwenyewe anaitaka. Juzi alikaa mbele yangu akahesabu kwa vidole:

"Papa, waliomaliza mbele yetu wako wapi? Moja anauza kadi za telefone. Mwingine anachorea watu kroki za parseli chini ya parasoli, dola kumi kwa moja, na kuna wiki hapati hata mutu. Nani anajenga sasa? Tunamwaga feza juu ya diplome itakayolala kwenye sanduku."

"Mimi niliachia majiwe katikati?" nikapandisha sauti. "Eh? Niliachia?"

Halafu akauliza pole pole, "Papa, feza munayonilipia inatoka wapi kweli?"

"Akiba ya samaki."

Deni, Kavira halijui. Anapiga hesabu bila deni, na hata hivyo hesabu yake inanishinda. Nikimuonyesha karatasi, ataacha masomo siku ileile, ataweka sahihi, na ujinga wangu atalipa yeye. Kwa hii vita, nani anajua kama atarudi tena shuleni? Nikinyamaza, ataendelea kusoma, na kisha miezi miwili tutatoka na magodoro barabarani, kwenye nyumba ambayo vita zote hazikunitoa.

Jana alikuwa anamalizia kazi ya shule, ramani ya avenyu yetu. Akaniita: "Papa, kuja uone. Hapa ni kwetu." Ndani ya kisanduku kidogo alikuwa ameandika jina langu. Nililisoma mwenyewe, herufi kwa herufi. Ni jina lilelile lililo kwenye ile karatasi chini ya godoro langu. Nimelipa miaka yote hii ili ajue kusoma karatasi za udongo na viwanja, na karatasi moja ya udongo niliyokuwa nayo, nikamuficha.

Ijumaa lazima atoe jibu kwa lile shirika. Nimuonyeshe kabla, ao ninyamaze asome? Mwenye kutaka kunitukana anitukane, lakini kisha matusi anipe shauri. Munisaidie, nifanye nini? Tena muandike maneno mafupi. Nitayasoma mwenyewe.