Majibu ya Nyumba ya Saba

Usiku ule Kavinya alimwomba Mungu mwanawe asishinde. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, simu mapajani, leso mabegani, na kila alipolianza ombi hilo alilikatiza, maana hakujua ni mama gani huomba hivyo. Akaanza upya. Bwana, mpe nafasi ya pili. Ya pili inatosha.

Mbula, binti yake wa kwanza, alikuwa Nairobi kwenye mkutano mkubwa wa wasomi wa sosholojia. Usiku huo, baada ya chakula, wangemtaja mwanafunzi aliyefanya utafiti bora wa mwaka. Waliobaki walikuwa watatu, na Mbula alikuwa mmoja wao. Habari hiyo ilikuwa imezunguka kijiji chote, pale chini ya milima ya Sagalla, nje kidogo ya mji wa Voi. Kanisani walimwombea. Mchungaji alisema binti huyu amelipeleka jina letu mbali, watu wakageuka kumtazama mama yake, na Kavinya akainama kufunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba.

Utafiti wenyewe ulihusu wanawake wanaolinda mashamba usiku. Kule kwao, mahindi na ndengu zikikaribia kukomaa, tembo hutoka mbugani. Wanaume wengi wako mbali kikazi. Muinde, mume wa Kavinya, yuko shamba la mkonge upande wa Mwatate na hurudi mwisho wa mwezi. Kwa hiyo wanaokesha ni wanawake. Kila nyumba ina zamu yake. Mwenye zamu hupanda dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo, na akisikia matawi yakivunjika hupiga debe ili nyumba zote zitoke na tochi. Wengine hulala kwa sababu yeye yuko macho.

Mbula alitaka kujua wanawake hawa wanapangana vipi, nani anamwamsha nani, nani anamsamehe nani. Alichagua nyumba kumi na mbili, akazipa nambari badala ya majina ili mtu yeyote asiaibike, kisha akarudi chuoni na kumwachia mama yake daftari. Kila asubuhi kwa miezi miwili Kavinya apite nyumba hizo, aulize maswali matano, aandike majibu kama yalivyosemwa, na kila Ijumaa ampigie kurasa picha amtumie kwa simu. Mbula alimwambia kwamba sasa yeye ni msaidizi wa utafiti. Kavinya, aliyeishia darasa la saba, alilifunika daftari lile kwa gazeti kama la mtoto wa shule.

Alipita nyumba kumi na moja bila kukosa hata siku moja. Ya saba hakuingia kamwe.

Nyumba ya saba ilikuwa ya Alice, Mama Thadeus, Mtaita ambaye alikuwa wa kwanza kumpa mbegu Kavinya alipohamia hapo kutoka Ukambani. Waliwahi kuwa kama ndugu. Kisha, miaka miwili iliyopita, usiku mmoja wa zamu yake, Kavinya alilala. Hakuwa mgonjwa wala hakuwa na msiba. Alilala tu, blanketi likiwa na joto zuri, na alipozinduka tembo wanne walikuwa wamelimaliza shamba la Alice na wanaondoka taratibu. Asubuhi kikao kiliitwa. Kavinya alisimama mbele ya watu wote akasema alipiga debe, lakini upepo uliichukua sauti. Alice alimtazama, hakubisha. Tangu hapo hawakusalimiana, na Mbula, aliyekuwa chuoni, hakuambiwa. Wakikutana bombani, mmoja wao hukumbuka ghafla kitu alichosahau nyumbani.

Ndiyo sababu siku ya kwanza ya daftari Kavinya alifika kwenye ua wa Alice, akasimama, akarudi. Jioni aliitazama ile nafasi tupu kwenye ukurasa. Mwalimu wao wa darasa la sita alikuwa akichapa fimbo kwa kila swali lililoachwa wazi. Jibu la kubahatisha alilisamehe. Nafasi tupu aliiita kiburi. Kavinya akachukua kalamu. Nani alilinda jana? Hilo alilijua, ratiba ilikuwa kichwani mwake. Nani aliamka kumsaidia? Hilo aliweza kulikisia. Siku ya pili ikawa rahisi, na kufikia ya kumi alikuwa akiandika majibu ya Alice kabla hata ya kuvaa viatu.

Swali la tano liliuliza kama kuna jambo lolote kuhusu zamu ambalo mtu hulifikiria akiwa peke yake. Wengi walijibu hakuna, au baridi, au mgongo. Jioni moja, akijaza sehemu ya nyumba ya saba, Kavinya aliandika hakuna, akaifuta, na kalamu ikaenda ilikotaka yenyewe: "Kuna siku nililala zamu yangu, tembo wakala shamba la jirani. Niliwaambia watu nilipiga debe. Tangu siku hiyo, nikilala vizuri naamka nikijiona mwizi."

Alituma picha Ijumaa hiyo. Mbula alipiga simu papo hapo, sauti imembadilika, akauliza Mama Thadeus aliyasema vipi, je, alilia? Kavinya alisema hapana, aliyasema tu huku akichambua mchicha. Hata mchicha aliutunga yeye.

Na sentensi hizo tatu ndizo zilizofungua utafiti wa Mbula. Ndizo walimu wake walizozinukuu. Kavinya alikuwa ameungama kwa mdomo wa mwanamke aliyemkosea, akamtwika yeye usingizi ule, na sasa wasomi wa nchi nzima walikuwa wakiusoma.

Saa nne na dakika arobaini simu ililia. Nyuma ya sauti ya Mbula kulikuwa na muziki na vijiko.

"Mama, nimeshinda."

Kavinya akasema asante Yesu, maana mdomo unajua la kusema hata moyo ukikwama. Mbula alikuwa akicheka na kulia pamoja. Profesa mmoja alilisoma jibu la nyumba ya saba jukwaani. Angefika Jumapili kwa treni. Alikuwa amemnunulia Mama Thadeus leso, jozi nzima, ampelekee mwenyewe, na amwombe ruhusa profesa aje kumwona.

"Mbona sauti yako iko chini, mama?"

"Ni furaha."

Jumamosi ua ulijaa wanawake waliokuja kumpongeza. Kavinya alipika chai ya sufuria kubwa, akagawa, akashikwa mkono hadi ukauma. Immaculate, kiongozi wa kwaya, ambaye hajui kukaa kimya, alimwambia, "Mama Mbula, sasa hata tembo wakipita hapa watakuamkia kwanza." Wote wakacheka. Mwingine akaongeza kwamba zamu zake zifutwe, mama wa msomi hapandi dungu. Kavinya alichukua birika lililokuwa bado limejaa akatoka nalo nje kama anayekwenda kuongeza chai. Aliegemea ukuta wa jikoni mpaka cheko likaisha. Aliwahesabu waliokuja. Alice hakuwamo.

Mbula alifika Jumapili alasiri. Aliweka cheti mezani, kimefungwa kwenye fremu ya kioo, na bila kukaa akatoa leso kwenye mfuko. Twende sasa, alisema, kabla jua halijazama, nimkute akiwa na nafasi.

"Keti kwanza," Kavinya alisema.

Alikuwa amepanga maneno tangu Ijumaa, lakini yalimtoka vibaya, ya mwisho yakitangulia. Alisema hajawahi kuingia kwa Alice. Alisema majibu yote ya pale ni yake. Mbula alibaki ameshika leso.

"Yote?"

"Ya nyumba ya saba. Zile nyingine nilikwenda, haki ya Mungu, kila siku nilikwenda."

"Na aliyelala zamu?"

Kavinya aliangalia sakafu. "Ni mimi."

Angependa Mbula apaze sauti. Mbula aliikunja leso mara nne, akailaza juu ya cheti, kioo kikafunikwa chote.

"Mama, ungeniachia nafasi tupu," alisema polepole. "Nafasi tupu ingenitosha. Ningeuliza kwa nini mwanamke mmoja hakufikiwa, na hilo pia ni jibu."

"Niliona nitakuangusha."

"Wamenipigia makofi wamesimama, mama. Watu wazima, wamesimama." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Usiku huu nitamwandikia mwalimu wangu. Tuzo wakitaka kuichukua, waichukue. Lakini kwa Mama Thadeus mimi siendi. Huko ni kwako."

Akavuta kompyuta yake akaifungua, na Kavinya akaelewa kwamba mazungumzo yamekwisha. Alisimama mlangoni kwa muda, akitamani kuitwa. Alichosikia ni vidole vya Mbula juu ya vitufe.

Alikwenda mikono mitupu. Kuvuka shamba lake hadi la Alice ni mwendo wa dakika tano. Kavinya alitumia kumi na tano. Mlango wa bati ulikuwa umefungwa, na ndani redio ilikuwa ikiimba kwaya ya Jumapili.

"Hodi."

"Nani?"

"Ni mimi. Mama Mbula."

Redio ikapunguzwa. Hapakuwa na karibu. Kavinya alisogea hadi paji la uso likakaribia kugusa bati, akazungumza kwa sauti ya chini ili nyumba za jirani zisisikie. Alisema usiku ule alilala. Alisema debe hakuligusa, na upepo haukuwepo. Kisha akaeleza kuhusu daftari, jinsi alivyoandika usingizi wake kwa nambari ya nyumba hii, na jinsi watu huko Nairobi walivyousikia kama usingizi wa mwenye nyumba hii. Akaomba msamaha kwa Kiswahili, akaomba tena kwa Kidawida, lugha ya Wataita, maneno machache ambayo Alice mwenyewe ndiye aliyemfundisha.

Ndani kiti kilisogezwa. Hatua zikaja hadi mlangoni, zikasimama. Kavinya aliweza kusikia pumzi upande wa pili wa bati.

"Mama Mbula," Alice alisema, "ulinikana mbele ya watu. Sasa unakuja kukiri mbele ya mlango."

"Nifungulie basi, nikuambie usoni."

"Jumatano kuna kikao cha zamu. Watakuwapo wote. Uje useme pale, kwa sauti ileile uliyosemea habari ya upepo."

Hatua zikarudi ndani. Kavinya alibaki amesimama, mkono juu ya bati, akisubiri komeo livutwe. Halikuvutwa.